Mkate wa Nekesa kwenye Meza ya Chuo

Nekesa,

Kaa chini unisikilize, na usinikatize maneno kama ulivyozoea. Kalamu ni ya mtoto wako, mwandiko ni wangu, ule wa ngumbaru niliofundishwa nikiwa mzee, ukinicheka ati herufi zangu zinatembea kama mlevi. Bado zinatembea hivyo hivyo. Soma pole pole.

Nafula yuko chuo. Ulimwacha na barua ya kuitwa tu, hukumwona akiingia. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu, amenipita urefu, na anatembea kama wewe, kama mtu ametumwa na chifu. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi alifanya jambo, na hapa Nairobi, mtaa wetu wa Soweto, sina wa kumwambia. Majirani ukiwasifia mtoto wako wanaanza kuangalia viatu vyake.

Huko chuoni kuna chama cha utamaduni cha wanafunzi wa kwetu magharibi. Wanaimba, wanacheza, na mara moja kwa muhula vyama vyote vinapanga meza nje ya jumba la kulia, vinauza vitu vya kuoka. Wengi wanaleta keki. Nafula akainua mkono mkutanoni akasema kwao kuna mkate wa mahindi na ndizi mbivu, unaookwa ndani ya majani ya mgomba, na yeye ataleta. Nani alimtuma? Mtoto hajawahi kuoka chochote maishani mwake.

Alikuja Ijumaa na Selina, mwenyekiti wa hicho chama, msichana wa Kawangware. Mdomo wake hauna breki, lakini alikuwa amebeba majani ya mgomba kichwani kutoka soko la kwao bila kuona haya, nikampenda hapo hapo. Nafula akaenda kuteka maji. Selina, huku akipanguza majani, akaniita bibi kwa lugha yetu kama Nafula, akauliza, "Kukhu, mama ya Nafula bado ako Mombasa kwa kazi? Si angekuja kesho atuone."

Mombasa, Nekesa. Mtoto wako amekuhamisha. Kaburi lako huko nyumbani bado halijajengewa, na yeye tayari amekutafutia kazi Mombasa.

Unaujua mdomo wangu. Nilitaka nimfuate kwenye mfereji nimpe yake mbele ya watu wote wenye mitungi. Nikakaa. Nilikumbuka nani alianza. Ni mimi. Siku ya mazishi watu waliponiuliza mwanangu amekufa na nini, nilisema nimonia. Nilisema kwa sauti, na Nafula amesimama hapo kando yangu, yeye aliyekuosha na kukulisha miezi yote ile, yeye anayejua. Mimi nilikufunika na nimonia, naye akakufunika na Mombasa. Sasa ningemchapa kwa nini?

Nilimwambia Selina tu kwamba huyo hataweza kuja kesho. Nikaendelea kuponda ndizi.

Na hapo kwa kuoka nikubali kosa, maana hata usipouliza utajua. Nilijigamba mbele ya hao wasichana ati mkate huu nimeuoka kabla mama zao hawajazaliwa. Uongo. Wewe ndiye uliujua, ulifundishwa na mama wa bwana yako, mimi nilikuwa nakula tu. Nikaona unga umekauka, nikamwaga maji. Nikapitisha majani motoni yalegee, nikafunga, nikapanga ndani ya sufuria, nikaweka makaa juu ya kifuniko kama ulivyokuwa ukifanya. Kufungua, ni uji. Uji umevaa majani.

Nafula akaangalia, akasema, "Mama hakuwa anaweka maji." Tangu tukuzike alikuwa hajatamka neno mama ndani ya nyumba hii. Akachukua ndizi zingine, akaponda mpaka zikatoa maji yake zenyewe, akakanda unga na hayo hayo. Mkate ukashika. Nikajifanya natafuta kiberiti.

Jumamosi nikaenda nao. Nilivaa ile gauni ya kijani, usiulize. Meza yetu ilikuwa na leso nzuri, na mkate katikati bado ndani ya majani yake. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wao, mama mmoja wa miwani, akaomba kipande. Nafula akafungua jani. Mimi nikanyoosha mkono, nikamega, nikala.

Kijana wa meza ya keki akacheka akawaambia wenzake, "Cheki shosho anakula stoki," ati bibi anakula bidhaa. Hata Selina akaninong'oneza kwamba hiyo ni ya kuuza. Wewe unajua nilichokuwa nafanya. Kwetu mgeni hali kabla aliyepika hajaonja mbele ya macho yake, hata kama mgeni huyo amelipa. Lakini kueleza mbele ya wasomi nilishindwa. Nikaendelea kutafuna, na wao wanacheka.

Nafula akaweka kisu chini. Akamega na yeye, akala, akameza. Halafu akamwambia mwalimu, na si kwa sauti ndogo:

"Kwetu aliyepika anaonja kwanza, ndio mgeni ale bila wasiwasi. Huu mkate tumepika mimi na kukhu, lakini ni wa mama yangu. Anaitwa Nekesa. Hayuko Mombasa. Alikufa na ukimwi, na ni mimi nilikuwa namlisha."

Mbele ya chakula cha kuuza, Nekesa. Wewe unajua watu. Wako waliorudisha mikono mfukoni. Wasichana wawili wakakumbuka wana haraka. Kijana wa keki akaacha kucheka akaanza kupanga keki zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nafula hakuangalia chini. Alinyoosha mkono na kile kipande, akangoja.

Mwalimu akavua miwani. Akakipokea kwa mikono miwili, akala papo hapo, amesimama, mpaka kikaisha. Aliomba kingine.

Selina akavuta kiti. "Basi na mimi nipe. Nimebeba hayo majani mpaka shingo ikapinda, na ulikuwa unanidanganya." Akala huku analia, mdomo umejaa, sura mbaya kabisa.

Mkate haukuisha, nisikudanganye. Lakini nilisimama nyuma ya ile meza mpaka jua likahama, na kila aliyefika nilimwambia bila kuulizwa, huyu ni mjukuu wangu. Nimezaa watoto saba, nimejenga nyumba mbili, na sijawahi kusimama wima namna ile.

Sasa lala, mwanangu. Ulilea vizuri. Nilipaswa kukwambia ukiwa hai, badala ya kukugombeza juu ya vyombo.

Na sikia hili. Jumapili ni zamu yangu kusimama mbele ya akina mama wa kanisa. Nitawaambia haikuwa nimonia. Nitautaja ugonjwa kwa jina lake, na jina lako, na kwamba nilidanganya juu ya jeneza lako. Wakinung'unika, wanung'unike. Tumbo lililokuzaa ni langu, si lao.

Ni mimi mama yako.