Kadi ya Shemeji Imekwamisha Harusi kwenye Ndafu

Mpendwa mshauri Bi. Sitara, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nimefika mahali simu ikilia dukani namwambia mke wangu sema sipo.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Kariakoo, zamani nilikuwa nauza vyombo kwa jumla, lakini tangu biashara iwe huria na kila mtu akawa anaagiza chupa za chai ng'ambo nikaona bora niuze kitu kisichoweza kushushwa bandarini kwa kontena, nikanunua kamera na kompyuta, mimi nahariri harusi na mke wangu Candida anatengeneza kadi za mialiko na kalenda kwenye mashine hiyohiyo, tukaenda vizuri mpaka kompyuta ikaanza kulemewa, fundi akasema tununue kadi ya picha, yaani ile inayochomekwa ndani ya kompyuta kuisaidia kuonyesha na kuchora, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kadi zilikuwa mbili. Bwana Urvish mwenye duka la kompyuta karibu na Mnazi Mmoja alinionyesha ya kikazi, ya watu wa video na usanifu, bei yake ilinifanya niombe maji ya kunywa, na kwa sura haikuwa na lolote, utadhani kipande cha redio mbovu. Nyingine alikuwa nayo shemeji yangu Allan, kaka yake Candida, anayeleta mizigo kutoka Dubai, hiyo ina feni inayowaka taa na boksi lake limechorwa zimwi lenye upanga, akaja nayo dukani, akaichomeka, akaweka gemu la mpira, majirani wakajaa wakashangilia goli, akaniuliza, "Shem, unaicheki picha ilivyotulia?" nami nikaiona imetulia kweli, na mbele ya umati ule ningemwambiaje shemeji kwamba naenda kununua kwa Urvish, nikaichukua.

Sasa mshauri, harusi ya kwanza kuihariri kwa kadi hiyo ni ya Nice, mdogo wake Candida, na kila nikifika pale ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inapoingizwa ukumbini mashine inaganda, maana hapo niliweka maua yanayodondoka, mioyo inayozunguka na majina ya wanakamati yanayopita chini, kama kamati ilivyoagiza, na ikiganda kinachobaki kwenye kioo ni kichwa cha mbuzi ndani ya moyo. Mama mkwe yuko Marangu, hakuweza kuja harusini kwa sababu anaumwa, na ugonjwa wenyewe si wa kupona, kila akipiga simu anauliza kanda iko wapi, mimi namjibu umeme unakatika, jana Candida amelia akasema mama sasa hainuki kitandani bila kushikwa. Je, nimwambie shemeji kadi yake haifai nivunje undugu, au nitafute fundi mwingine?

Polycarp, Kariakoo

JIBU

Marahaba, Polycarp. Poleni kwa kuuguliwa. Upole wangu umeishia hapo, sasa nisikilize.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipochagua kadi, sikupaona. Ulichagua kutomuudhi shemeji. Wewe muuza vyombo, mtu angekuja dukani kwako akapima ubora wa sufuria kwa kulipiga kama ngoma, ungemcheka mpaka jioni. Kadi ya gemu imeshinda mpira, hongera zake. Kazi yako ni kubeba picha za saa nyingi bila kukwama, tena kwa kuelewana na programu unayohariria.

Kitabu cha programu hiyo kinataja kadi zilizojaribiwa nayo, kisome. Kisha beba kompyuta yako na kanda yako mpaka kwa Urvish, achomeke ile kadi ya kikazi, uhariri palepale mpaka ndafu ipite. Fundi ahakikishe umeme wa ndani ya mashine unaitosha kadi hiyo. Ikipita, ndipo mpatane bei, na warantii uipate kwa maandishi. Kama bei bado inakutia kiu, ulizia ya kikazi iliyotumika. Ya gemu isikudanganye kwa upya wake.

Allan mwite pembeni, majirani wasiwepo. Mwambie, "Shem, kadi yako kiboko kwa mpira, ila mimi nahariri harusi." Aiuze kwa wenye vibanda vya gemu, watamgombania. Akinuna, mwache anune. Huyo mgonjwa ni mama yake pia, na naamini hajui kwamba kadi yake ndiyo inayomcheleweshea mama kanda.

Hayo yote ni ya wiki ijayo. Kilichoniudhi ni huo umeme. Mwanamume mzima unamdanganya mgonjwa! Kanda uliyorekodia harusi unayo, kamera unayo. Wewe na Candida pandeni basi la kesho asubuhi, chomekeni kamera kwenye televisheni ya mama, aione harusi ilivyokuwa, na watu wanaokatiza mbele ya kamera na mshereheshaji anayekohoa kwenye maikrofoni. Mioyo ni ya kamati. Mama anamtaka Nice.

Akikuambia rudisha nyuma amwone tena anavyoingia, rudisha, na usiangalie saa.