Kuku wa Mchungaji Mgeni

Temeke, Jumapili jioni

Wa kulaumiwa ni mimi, si mchungaji. Yeye mgeni, katoka Jamaika juzijuzi, angejuaje? Aliwaalika majirani Waislamu chakula, akachinja kuku kwa mkono wake. Mimi mwinjilisti, mzaliwa wa hapahapa, nilimshikia miguu ya kuku na wala sikushtuka!

Mzee Saidi, balozi wetu wa nyumba kumi, akaninong'oneza, "Kachinja nani?" Nikamwonyesha mchungaji kwa macho. Wakala wali mtupu, wakashukuru. Mchungaji akadhani kapika vibaya.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumweleza, Mzee Saidi akarudi.

"Baba Mchungaji, Jumapili ijayo mniite mie. Nitachinja, wewe utaomba, tutakula wote."

Kisu chake amekiacha jikoni kwetu.