Mita Sitini za Shangazi

Mama, shikamoo.

Njombe ni ukungu mtupu, nalala na koti. Wifi yako, shangazi Eliza, anakusalimu, ila moyo wake umeingia baridi.

Juzi bwana mmoja aliyejiita afisa alitokea Makambako, akamkuta kwenye kinyungu chake, ile bustani ya maharage bondeni. Akasema sheria ya mazingira inakataza kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye kijito. Ni kweli, hata redioni wanasema. Lakini afisa gani anafinyanga udongo mkononi akiuliza kama kiangazi unashika maji? Nikataka kumuuliza kitambulisho, shangazi akanifinya: "Mgeni haulizwi akiwa na kikombe mkononi."

Akamaliza ulanzi wa mianzi tuliomkaribisha, akaaga. Shangazi akang'oa maharage yote yakiwa na maua.

Leo tumeshuka kuchota maji. Palepale yalipokuwa maharage pamechimbwa mashimo kwa mistari, na miche ya parachichi imelazwa kando.

Kesho tunakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Tuombee, mama, ujitunze na kifua chako. Na mgeni akija hapo nyumbani, muulize katumwa na nani kabla hujamtilia chai.

Mwanao, Neema