Udi wa Heshima

Jumatatu, 3 Februari

Maji ya chumvi tena. Tundu la kulia, kisha la kushoto. Magaga ya kamasi na damu nyeusi, beseni zima. Kadzo alinishikia beseni huku uso kaupeleka dirishani. Miaka ishirini ananifulia na kunipikia, mtu mzima wa umri wangu, mzaliwa wa Marafa, kachinja kuku wasio na idadi, leo damu yangu inamtia kinyaa.

Siku ya tano tangu nipasuliwe pua Mombasa. Masharti nimeyakariri kama nilivyokuwa nikiwakaririsha watoto: nisipenge kamasi, nisiiname, nisiinue hata ndoo, nikipiga chafya niachame. Nasali kitini. Nalala nimeegemea mito mitatu kama bibi harusi. Na moshi marufuku mwezi mzima. Hata udi. Nyumba hii haijakaa siku mbili bila udi tangu marehemu mume wangu aniingize humu.

Wageni watatu walikuja kunijulia hali. Wote wamekaa mlangoni, wakaigugumia chai ya moto, wakaondoka. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili hata kiti hakukivuta. Wanaogopa damu. Watu wa siku hizi hawajui kumtazama mgonjwa.

Jumanne, 4 Februari

Uso wauma mpaka kwenye meno. Abudi aliniamkia akiwa bado ngazini, akaenda zake kutengeneza majokofu ya watu. Mwanangu wa pekee, fundi mzuri, na mwezi wa tatu huu kanuna. Mezani pangu hali tena, chakula hupelekewa juu. Atazoea.

Sijutii. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba sijutii. Mkewe Rukia tuliishi naye miaka mitano, wao juu, mimi chini. Kila akiniletea chakula alijiziba pua kwa leso. Nikimtaka mjukuu wangu Salma aje alale kwangu, mara ana homa, mara keshalala. Nikavumilia. Mwezi wa Novemba nikamsikia kwa masikio yangu, pale ngazini, akimwambia Abudi: "Mama yako anaoza ndani ya pua. Mpeleke hospitali." Anaoza. Mimi, Mwalimu Zuhura, niliyefundisha nusu ya mji huu kusoma.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Abudi: mimi au yeye, na radhi yangu iko kwenye jibu lako. Akatoa talaka moja. Rukia akamchukua mtoto akarudi kwa babake, Gede. Edda yake, kwa hesabu ya kwao, inaisha Ijumaa ya tarehe 21, jua likizama. Mpaka hapo Abudi anaweza kumrejea kwa neno tu. Ikipita, basi. Babake ameapa kwamba hamwozi Abudi tena, na yasemekana kuna mwenye duka wa Mambrui anasubiri. Na asubiri. Zimebaki siku kumi na saba, nazihesabu kama mtoto anayengoja Idi.

Alhamisi, 6 Februari

Kitunguu!

Kadzo alikuwa akikaanga uani. Harufu ikaingia ghafla, nyembamba, upande mmoja tu. Miaka saba sijanusa kitu. Nililia, kisha nikaogopa kamasi nikanyamaza. Nikamwambia aniletee iliki, mdalasini, sabuni, buni. Nimenusa vyote mara mbili mbili. Kadzo alisimama ananitazama kama mtu anayengoja jambo. Nikamwuliza ana nini. Akasema hana kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Kuna panya amekufa chumbani kwangu. Uvundo mzito, wa kitu kilichooza majini. Umezidi upande wa kitanda. Kadzo kavuta kabati, hakuna. Kavuta kitanda, hakuna. Nimemwambia macho yake yamezeeka kabla ya miguu.

Jumapili, 9 Februari

Tumepekua tena. Kasha, viatu, nyuma ya mapazia. Abudi alipanda darini na tochi akashuka na vumbi. Kadzo nimemtukana. Nimemwambia kwao wamezoea kulala na mizoga, ndiyo maana hasikii harufu. Akaendelea kufagia. Hunyamaza kwa sababu anajua hana pa kwenda, nami najua kwamba anajua.

Jumatatu, 10 Februari

Mombasa, kusafishwa pua. Daktari kaingiza koleo refu akawa anang'oa magaga moja moja. Nimeking'ang'ania kiti mpaka kucha zikauma. Alipomaliza akasema, bila kuulizwa, kwamba siku ya upasuaji alitoa usaha wa miaka mingi pamoja na vinyama vilivyoota ndani, na ulikuwa umeshaanza kula mfupa ulio karibu na jicho. "Aliyekwambia uje hospitali amekuokolea jicho, mama. Mshukuru."

Abudi alikuwa anatazama sakafu.

Njiani kurudi hatukusemezana mpaka Gede. Pale inapokatia njia ya kwa kina Rukia akapunguza mwendo. Akasema, "Daktari huyu alitafutwa na Rukia, Mama. Novemba ile ile. Nambari nilikuwa nayo tangu siku hizo." Nikamwambia aendeshe gari. Nina hasira. Nimetoka kung'olewa magaga, na badala ya pole naletewa habari za Rukia.

Jumanne, 11 Februari

Pua zote mbili zimefunguka. Uvundo maradufu. Nikamwita Kadzo mara ya nne amtafute panya. Akaliweka fagio chini. Akaenda kitandani, akachukua mto wangu, ule wa sufi niliolalia tangu zamani, akauvua foronya, akaniwekea pajani.

"Panya wako ni huyu, Mwalimu."

Kisha akarudi uani kumenya mihogo.

Nimeunusa. Nimenusa na godoro, upande ninaolalia. Na mtandio. Na lile buibui nililovaa jana kwenda Mombasa.

Ni mimi.

Jumatano, 12 Februari

Nimekaa kitini tangu alfajiri. Nimemwuliza Kadzo tangu lini. Akasema tangu kabla mzee hajafa. Akasema siku za joto ilizidi, na nikisema na mtu kwa karibu ndiyo balaa. Alisema kama anayenitajia vitu vya kununua sokoni. Nikamwuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo.

"Aliyekuambia yuko wapi?" akasema.

Nikamtuma maji.

Sasa nawaona wote. Kila nyumba niliyoingia katika mji huu, chetezo kilitangulia chai. Nikikaa tu, msichana wa nyumba anakimbilia makaa. Udi mwingi, wa bei, mpaka chumba kinajaa ukungu. Nikajiona mtu mkubwa. Nikawa na kibri nao. Nikisema, fulani aliingia arusini hata udi hakufukiziwa, mimi hufukiziwa kabla sijavua viatu. Nilimwambia hayo Bi Mwanaidi usoni pake. Akaitikia, "Si wewe ni Mwalimu, bwana," na akaongeza kipande kingine kwenye makaa.

Matangani waliniweka dirishani, nikadhani wananionea huruma kwa joto. Mwaka wangu wa mwisho shuleni, watoto walikuwa wakigombania madawati ya nyuma. Niliwachapa kwa utovu wa nidhamu. Nakumbuka mmoja alikuwa analia huku kajibana pua, nikamwongeza viboko viwili.

Na marehemu mume wangu. Alihamia chumba cha uani mwaka wake wa mwisho. Aliniambia anakoroma, hataki kuniudhi.

Nyani haoni kundule. Methali hiyo nimeiandika ubaoni miaka thelathini na mbili, watoto wakicheka, nami nikidhani wanaichekea methali.

Ijumaa, 14 Februari

Mto na godoro vimechomwa moto nyuma ya nyumba. Mimi nilijifungia chumba cha mbele kwa ajili ya moshi. Mabuibui manne yamelowekwa siku mbili.

Mchana akaja Bi Mwanaidi. Akaingia, akasita kidogo, pua zake nikaziona zinafanya kazi. Kisha akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Hajawahi. Akanishika mkono kwa furaha ya kweli. "Sasa tutakaa, shoga yangu." Sasa. Nikamwitikia kwa uso mzuri na moyoni nikamwombea kila baya ninalolijua. Alikaa saa nzima. Alinisimulia ya mtaa mzima. Nilikuwa natazama mdomo wake nikiwaza: nikitoka chumbani huwa mnasema nini?

Siku saba zimebaki. Leo sikuzihesabu kwa furaha.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeshika simu tangu asubuhi. Nambari ya Rukia nimeibonyeza, nimeifuta. Nitamwambia nini? Samahani, ni kweli nilikuwa nanuka?

Nilipodhani ananitukana nilimdharau tu. Tangu nijue alisema kweli namchukia hasa. Miaka mitano alinipakulia, akasimama karibu yangu mpaka niseme bismillahi, na ile leso puani. Hakuna mtu mzima aliyethubutu kuniambia kweli katika mji mzima, kasema yeye, na kasema ili nitibiwe. Yote nayajua. Bado nikiona sura yake nataka kumzaba kibao.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, husema watu. Basi Mungu na ampe mume mwingine.

Nimeyasoma niliyoandika. Ni maneno mabaya. Sitayafuta, ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 20 Februari

Kesho. Abudi hakwenda kazini. Anatembea kule juu, namsikia, ukuta hadi ukuta. Nimeosha pua mara nne, daktari kasema mara mbili.

Ijumaa, 21 Februari

Abudi alirudi kutoka msikitini na kanzu yake, hakupanda juu. Alikuja akasimama mbele yangu, ufunguo wa gari mkononi. Amesema na Rukia kwa simu. Rukia yu tayari kurudi, ana sharti moja. Niseme kwamba alisema kweli, wala hakunitukana. Nimwambie Abudi tu. Yeye mwenyewe hana haja ya kuwepo.

"Neno lako, Mama, na radhi yako. Gede ni nusu saa."

Nilikuwa nalo mdomoni. Rukia alisema kweli. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma maneno hayo. Nikamtazama mwanangu, nikaona kwamba anajua, na amejua miaka yote saba, kila asubuhi akiubusu mkono wangu huku kazuia pumzi. Nikilisema, tutakuwa wawili tuliolisikia likitoka kinywani mwangu. Nitakula naye, nitaumwa mbele yake, atanizika, na lile neno lipo kati yetu.

Nikasema, "Mimi sina la kusema."

Akatoka akakaa barazani. Ilikuwa saa nane. Alasiri alisali pale pale juu ya mkeka. Namwona kwa dirisha, ufunguo unazunguka kidoleni. Nilisimama mara mbili. Mara ya pili nilifika mlangoni nikashika komeo. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kanipa mgongo, shingo yake imeungua jua. Kadzo alipita na ndoo akaniona. Nikajifanya natafuta viatu, nikarudi kitini.

Saa kumi na mbili na nusu ikaadhiniwa Magharibi. Abudi akainuka, akaingia, akauweka ufunguo mezani, akapanda juu. Hakunitazama.

Nilikuwa na saa nne na nusu, na neno lenyewe halikutaka hata dakika. Niandike kweli angalau humu. Sikunyamaza kwa hasira. Hasira ilikwisha saa tisa. Nilinyamaza kwa haya, nikamwacha mwanangu akae juani.

Jumapili, 23 Februari

Ndugu yake Rukia kaja na wenzake, na pikapu, kuchukua vitu. Kabati, cherehani, kitanda cha mtoto. Abudi aliwasaidia kushusha, wakiambiana taratibu, upande wako, inua kidogo. Alifunga kamba mwenyewe.

Salma alikuwa amekuja nao. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumshika, akaingia chumbani kwangu peke yake na biskuti mkononi. Akasimama kizingitini kwa mazoea. Kisha akasogea. Akasogea tena. Akapanda pajani pangu, akakaa, akaendelea kula.

Kichwani ananukia mafuta ya nazi. Shingoni jasho na poda. Ana miaka minne, na harufu yake sikuwa naijua.

Akaniuliza kama pua imepona. Nikamwambia imepona. Akasema atamwambia mama.

Honi ikalia. Mjomba wake akaja mlangoni, akasema shikamoo bila kuniangalia, akanyoosha mikono. Nikamwachia.

Kadzo ameuliza apike nini leo. Nimemwambia chochote, watu ni wawili tu, Abudi kasema atakula nje.