Gari la Bluu Lililoombewa Kabla ya Kukaguliwa

UMOJA WA WENYE MAGARI NA WANAOYATARAJIA, ENGUTOTO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, sebuleni kwa Bi. Agnela Temba, kuanzia saa 10:20 jioni.

Waliohudhuria:
Mzee Ebenezer Mlay – Mwenyekiti
Bi. Princess Pallangyo – Katibu
Fundi Lesian Mollel – Mshauri wa ufundi
Bw. Romanus Shirima – Mjumbe
Bi. Agnela Temba – Mjumbe, mwoka keki, bado hana gari

Asiyehudhuria kwa taarifa:
Bw. Abdiel Nnko – gari lake limegoma kuwaka

KUMB. NA. 1/9/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi. Bw. Romanus aliitikia "amina" na kuongeza kwamba safari hii angalau tumeomba kabla ya kukosea. Mwenyekiti alimtaka aheshimu kiti. Katibu aliinamia daftari ili asionekane anavyocheka.

KUMB. NA. 2/9/2025: JAMBO LILILOTUKUTANISHA

Bi. Agnela alieleza kwamba amechoka kupeleka keki za harusi kwa bodaboda. Mwezi wa saba keki ya ngazi tatu ilifika Kisongo ikiwa na ngazi moja. Bibi harusi alilia, naye akalia pamoja naye. Jumamosi hii ana keki ya ngazi tano ya kupeleka Usa River. Ndipo akapata gari dogo la bluu kwa muuzaji mmoja wa Sokon I (aina haitajwi humu, wenye nayo wasije wakatununia). Hajalipa hata senti. Muuzaji anataka jibu leo kabla ya saa 12 jioni, kwa madai kwamba kuna mteja wa Moshi analimezea mate.

Shida ni kwamba gari hilo limekwisha kuombewa. Mwenyekiti alieleza kwamba Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda kulikagua kwa niaba ya Umoja. Liliwaka kwa mguso mmoja, rangi inang'aa, redio inasikika hadi barabarani. Akaridhika. Kwa kuwa Mchungaji alikuwa asafiri Jumatatu, Mwenyekiti alimwomba aliombee Jumapili baada ya ibada, na muuzaji akalileta mwenyewe kwa furaha kubwa. Fundi Lesian aliuliza, "Angekosaje furaha?" Usharika mzima ulilizunguka gari, kwaya ikaimba beti zote, akina mama wakapiga vigelegele, Mchungaji akaweka mkono juu ya boneti. Jamani, ilipendeza! Katibu mwenyewe alipiga picha nne.

KUMB. NA. 3/9/2025: TAARIFA YA FUNDI

Fundi Lesian alieleza kwamba Alhamisi alikuwa Oldonyosambu kuchanja ng'ombe, na habari za maombi alizipata kwa kusikia vigelegele. Jumatatu saa 12 asubuhi alibisha hodi kwa muuzaji bila kumpigia simu. Hapo kikaoni alimuuliza Mwenyekiti kama Alhamisi ile alishika boneti kabla gari halijawashwa. Mwenyekiti alijibu kwamba alilishika, lilikuwa la moto, naye alidhani ni jua.

"Mzee wangu," alisema Fundi, "saa mbili asubuhi, Arusha hii, jua gani?"

Kikao kilisimama kwa dakika mbili kwa sababu ya kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

Fundi alifafanua kwamba gari la kununua huendewa likiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake. Hili likiwa baridi lilisumbua kuwaka, kisha likatoa moshi mweupe ambao robo saa nzima haukuisha. Kwenye kifuniko cha oili alikuta ute mweupe kama uji wa maziwa, dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili na huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Pedali ya breki imelika mpira mpaka chuma, ilhali dashibodi inadai gari limetembea kilomita elfu arobaini tu. Namba ya chasisi na ya kwenye kadi zinafanana. Hapo alimpongeza muuzaji. Alipolipandisha kilima cha Ng'iresi, sindano ya joto ilipanda haraka kuliko gari.

KUMB. NA. 4/9/2025: MJADALA

Mwenyekiti alisema amesikia, lakini gari lililoombewa mbele za watu halirudishwi kama sufuria iliyotoboka. Watu watasema Agnela amekataa baraka. Bw. Romanus alijibu, "Meku, mzee wangu, haraka haraka haina baraka, na sisi tumeiharakisha hata hiyo baraka yenyewe!" Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika, ndiyo kazi aliyochaguliwa.

Bi. Agnela alisema kwa sauti ya chini kwamba usiku wa kuamkia leo hakulala. Gari analitaka mpaka anaota anafunga mkanda. Lakini akilinunua litamzimikia njiani na keki ya watu; akilikataa, Jumapili atakaa benchi gani? Alifuta machozi kwa aproni yenye unga. Hakuna aliyecheka.

Katibu alipendekeza Mchungaji apigiwe simu. Mwenyekiti alipinga. Simu ilipigwa, sauti ikawekwa juu, wote wakamwamkia shikamoo kwa pamoja. Mchungaji alielezwa yote. Kisha akasema:

"Mimi sikuomba gari linunuliwe. Niliomba Mungu amwepushe binti huyu na mabaya ya barabarani. Ameepushwa kabla hata hajafika barabarani. Sasa ninyi mnabishana na nani?"

Lo! Bw. Romanus aliruka akamwaga chai. Bi. Agnela alicheka huku analia. Mwenyekiti alivua kofia, akaitazama ndani kwa muda.

KUMB. NA. 5/9/2025: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwa kura zote kwamba gari halinunuliwi. Kuanzia leo, fundi atatangulia, injini ikiwa baridi, kadi na madeni ya faini za barabarani yatahakikiwa, kilima kitapandwa, Mchungaji atakuwa wa mwisho.

Saa 11:35 Bi. Agnela alimpigia muuzaji na kumwambia hapana. Muuzaji alimtisha kwa yule mteja wa Moshi. Bi. Agnela, ambaye hatujawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, alisema, "Basi mweleze huyo ukweli. Usipomweleza nitamtafuta nimweleze mimi." Simu ilikatwa upande wa pili. Katibu alipiga kigelegele, na anaomba kiingie kwenye kumbukumbu.

Mwenyekiti alitangaza kwamba Jumamosi atapeleka keki Usa River kwa gari lake mwenyewe, mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, na anayetaka kumpigia honi apige mpaka achoke.

Kisha alisimama. Alisema, "Agnela mwanangu, nilikuwa nalinda jina langu, nikasahau roho yako. Nisamehe." Tangu Umoja uanzishwe, Mwenyekiti hajawahi kumwomba mtu radhi akiwa amesimama. Bi. Agnela alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Watu waliachana saa 12:10 jioni, baada ya kula keki ya majaribio.

Katibu: P. Pallangyo (amesaini)

Mwenyekiti: E. Mlay (amesoma yote, amesaini, hakufuta neno)