Siku Niliyomwamkia Rashidi Shikamoo

Jumatano, Msimbati. Jua la leo halina adabu. Linashuka sasa, lakini mchanga bado unachoma kupitia kandambili. Ninaandika kwa simu nimekaa barazani kwa Rashidi, vidole vyangu vina masizi.

Niseme mapema, kabla sijatafuta maneno ya kujitetea: nimeharibu kazi ya mtu.

Mnaonisoma mnajua mimi ni mwanamke fundi rangi, na gereji yangu iko Magomeni ya mjini kwetu, si ile ya Dar. Rashidi ana pikapu ya dizeli, anapeleka samaki na barafu kati ya huku na mjini. Wiki iliyopita aliniletea intakula ya gari lake, ile kama rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Pikapu ilikuwa inaishiwa nguvu mchangani, na ndugu yake wa Dar alikuwa amemtumia kikopo cha rangi maalumu ya kutawanya joto. Akaniuliza kama ninaijua. Nikamjibu ninaijua sana.

Sikuwa nimewahi kuiona.

Rangi ile inapulizwa mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, jembamba, mpaka unajihisi hujafanya kazi. Imeandikwa hivyo kwenye karatasi iliyokuja na kikopo, na karatasi hiyo nimeisoma leo. Siku ile nilipuliza, nikatazama, nikaona kitu kimepauka kama sufuria la msibani. Nikaona aibu. Mimi watu wananijua kwa mng'ao. Basi nikapiga praima, ile rangi ya chini, nikarudia juu yake mikono mitatu ya rangi yangu nyeusi, kama ninapaka boneti ya gari la bwana harusi. Ikang'aa haswa. Nikaipiga picha nikaiweka hapa, nanyi mkanisifu. Rashidi akaichukua juzi.

Leo asubuhi Athumani, fundi injini jirani yangu, kaniletea intakula nyingine nimfanyie vilevile. Kabla ya kuigusa nikaiinua juani nione uchafu. Mwanga ukapita katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya kupozea, vitundu vingi hata huwezi kuvihesabu. Hapo nikakumbuka nilivyoiinua ile ya Rashidi ilipokauka. Haikupitisha mwanga hata chembe. Siku ile niliona, jamani, sitadanganya. Niliona nikaendelea kufurahia inavyong'aa.

Nilikuwa nimeziba kila tundu. Upepo unaotakiwa kupita pale na kuondoa joto hauna tena pa kupita. Injini itavuta hewa ya moto, na itachoka palepale kwenye mchanga ambako Rashidi alitaka isichoke.

Na leo Rashidi hakufuata samaki. Alikuja huku kumchukua binti yake, Mwanahawa. Ni mimba ya kwanza, mtoto amelala upande tumboni, na daktari mjini amesema wafike kesho Alhamisi asubuhi wampasue. Uchungu ukimwanzia njiani, gari limekwama, sitaki hata kumalizia sentensi hii.

Nikampigia simu. Nikamwambia Rashidi, nimeharibu intakula, usimpakie binti kwenye hilo gari. Akacheka mpaka akakohoa. "Mmakonde wewe, mla panya, leo hunipati!" Akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Simlaumu. Yeye Myao, mimi Mmakonde, na utani wetu hauna likizo. Mwezi uliopita nilimpigia nikilia kwamba gari lake aliloniachia limevutwa na polisi. Alitoka Naliendele mbio na kiatu kimoja, akalikuta gari kivulini kwangu, nami nimekaa juu ya boneti nakunywa soda. Miaka yote hii nimemwita mvivu wa kuzaliwa, Myao asiyejua kitu ila ngoma. Yeye ameniahidi kwamba siku nikifa atakuja kulala kwenye jeneza langu mpaka wanangu wamlipe kuku. Sasa nina neno moja la kweli na sina mdomo wa kulisemea.

Mficha uchi hazai. Nikafunga gereji.

Athumani alikuwa pia na intakula yake kuukuu ya pikapu kama ile, imebonyea pembeni lakini mapezi yake yako wazi. Tukapanda bodaboda mishikaki, mimi katikati, chuma kimenilalia mapajani na spana mfukoni mwa Athumani. Kwenye mchanga tulishuka mara mbili tukasukuma pikipiki, na kila tulipotokeza kona nilikuwa naitafuta pikapu nyeupe njiani, nikiomba nisiione.

Tuliikuta imeegeshwa uani kwa Rashidi. Mwanahawa alikuwa mkekani, miguu imevimba, anakula embe bichi kwa chumvi. Rashidi aliponiona na lile dude mapajani alipiga kofi la furaha. "Njooni mwone! Mmakonde kaleta mtego wa panya!" Wakacheka wote, hata binti. Nikasema ni kweli, nimeziba intakula yako. Wakazidi kucheka. Athumani akasema ni kweli. Rashidi akamuuliza nimemhonga nini.

Nilitamani kulia, lakini nilishalia kwa uongo mwezi uliopita, na machozi yangu pia hayaaminiki tena.

Nikavua kandambili. Nikapiga goti pale mchangani. Nikasema, "Shikamoo, Baba Mwanahawa."

Sijawahi kumwamkia hivyo. Mtani haamkiwi shikamoo, mtani hutukanwa. Kicheko kikamkatikia Rashidi. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema taratibu.

Kisha akaenda kufungua boneti. Akamwambia Athumani, bila kunigeukia, kwamba wakati wa kuja gari lilimzimikia mchangani, vijana wakalisukuma, naye akadhani ni dizeli chafu.

Kazi imetuchukua mpaka alasiri. Mpira mmoja wa hewa ulikataa kukaa, Athumani akaukaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Tumelipeleka gari kwenye mchanga mzito nyuma ya nyumba, likapanda, likashuka, likapanda tena. Athumani anasema litafika. Ameapa kabisa. Lakini intakula ile ni kuukuu na imebonyea, nami leo sina imani na chochote kilichopita mikononi mwangu. Kuondoka sasa hivi hapana, hakuna anayetaka kukwama gizani na mjamzito. Tutatoka baada ya swala ya alfajiri, nami nitakaa nyuma na koleo la kuzolea mchanga.

Ile niliyoipaka iko hapa miguuni kwangu. Bado inang'aa. Ninaiona sura yangu ndani yake na sipendi ninachokiona.

Mwanahawa ameniletea chai. Rashidi amepita mbele yangu mara tatu, na kila mara ameniambia, "Pole na safari, dada." Dada! Tangu mchana hajanitukana hata mara moja. Hajanisamehe, na hasira yake pia hajaileta. Ananiheshimu tu, kama mgeni.

Kesho, Mungu akitupitisha mchanga, nikamwona binti anaingizwa wodini kwa miguu yake mwenyewe, sitaomba asante wala radhi ya pili. Nitasimama pale getini pa hospitali nimsubiri baba yake aniite mla panya.