Nyumba Yako ya Wamaza

Wamaza, tarehe 14 Aprili 2024

Mpendwa yaya Laetitia, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana. Habari za Bukavu? Shemeji Zéphirin anaendelea namna gani, na mgongo wako umetulia? Sisi tunapumua. Mama anatembea vizuri, mihogo imezaa. Lakini moyo wangu hautulii, ndiyo maana naandika badala ya kungoja rezo ya simu irudi.

Ni kwa ajili ya nyumba yako. Tangu mlipoikimbia wakati wa vita, mvua imeila upande wa jikoni. Juma lililopita Dady, mtoto wa mama mdogo wa kule Kasongo, alikuja na pikipiki. Siku hizi kazi yake ni kutafuta majengo yaliyoachwa, anayapiga video na kuyaweka Facebook. Akaingia kwako bila kutuuliza.

Nilisikia kishindo, kisha sauti yake ikiita. Boriti ilikuwa imembana. Jirani yetu Djamali alifika kabla yangu, akanizuia: "Baki pale, Pascaline, ukuta unatingisika." Akaingia, akamkokota Dady hadi mlangoni, na hapo ukuta ukawaangukia. Dady alipata mikwaruzo tu. Djamali alivunjika mguu.

Yaya, video ilikuwa imekwisha kutoka, maana alikuwa anairusha Facebook papo hapo. Chumba chenu chote kinaonekana: picha ya ndoa ukutani, na viatu vidogo vya marehemu mtoto wako Esther-Divine chini ya kitanda. Juu ameandika "Nyumba ya mizimu". Nililia kwa hasira. Nikamwambia aifute.

"Lakini mule hamuna mutu," akanijibu.

"Iko na mwenyewe. Mwenyewe iko Bukavu."

Akaifuta. Ila watu walikwisha kuiona. Juzi wageni wawili walitoka Kasongo wakiulizia hiyo nyumba ya mizimu, nikawafukuza. Mlango nimeuziba kwa miiba. Hata hivyo, bati likilia kidogo tu, naacha chungu motoni natoka mbio.

Mama ameamuru Dady alime shamba la Djamali mpaka mguu upone. Analima. Djamali mwenyewe hana kinyongo. Anacheka: "Heri mimi kitandani kuliko yeye kaburini." Mke wake hacheki.

Sasa chefu wa kijiji anataka nyumba ibomolewe kabla haijaua mtu. Naona ana haki. Mama amenikataza kukuuliza, anasema nitakuumiza bure. Lakini siwezi kumwacha mtu mwingine aingie mule, wala siwezi kuvunja kilicho chenu mkiwa hai. Niambie wewe, yaya: tubomoe, ao mutarudi?

Msalimie shemeji na watoto wote. Mama anawabariki, anasema Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Mdogo wako anayekupenda na kukungojea,
Pascaline